KIRIKUU YAKO INAGONGA? JIFUNZE KUSIKILIZA INJINI KABLA HUJATOA HELA

Nazungumza hasa na ninyi vijana mnaolima kwa biashara hapa Rungwe na kwa jirani zetu wa Busokelo na Kyela. Mmezoea kunisoma hapa nikiandika habari za parachichi, ndizi, viazi mviringo na ng'ombe wa maziwa. Leo naomba tutoke shambani kidogo tuingie chini ya boneti ya gari.

Sababu ni moja. Vijana wengi mkishauza misimu miwili mitatu mizuri, kitu cha kwanza mnachokifikiria ni usafiri, na usafiri wenyewe ni gari lililotumika. Gari hilo likianza kutoa mlio usioueleza, ndani ya wiki moja linaweza kumeza faida ya shamba zima. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta mimi mwenyewe, na nilikosea mara tatu kabla sijapatia.

ILIKUWAJE

Mwaka jana mimi na mpwa wangu tuliunganisha nguvu tukanunua kirikuu. Yeye analima parachichi na ndizi upande wa Masoko, mimi nina ng'ombe wawili wa maziwa na miti michache ya parachichi. Yeye alitoa milioni tatu na nusu, akiba yake ya misimu miwili. Mimi nikatoa milioni tano, sehemu kubwa ni mkopo.

Gari lilikuwa Mbeya mjini kwa mtu binafsi. Tulifika saa nne asubuhi tukalikuta limeshawashwa, linanguruma uwanjani. Injini ilikuwa tulivu kama cherehani. Nikakagua tairi, nikakagua bodi, nikakagua kadi, nikalizungusha mtaani dakika kumi kwenye lami. Nikalipa.

Wiki ya tatu nikafanya jambo ambalo kila mtu anashauri ukinunua gari lililotumika: nikamwaga oili na kuweka mpya, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama asali. Niliiona kabisa, lakini sikujiuliza kitu.

Siku mbili baadaye mpwa akanipigia akiwa njiani na mzigo wa ndizi.

"Mjomba shikamoo. Gari inalia."

"Marahaba. Inalia vipi?"

"Inagonga. Go-go-go-go. Nikikanyaga mafuta ndo inazidi."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Badala ya kumuuliza maswali, nilimgombeza. Nikamwambia umepakia kupita kiasi, umelipeleka gari kama la wizi, sasa umeiua injini. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mjomba," akakata simu.

Kosa la pili: nilimpelekea gari fundi wa kwanza niliyemwona nikamwambia "inagonga, itengeneze." Akafungua juu, akaseti tapeti, akachukua elfu arobaini. Mlio ukabaki palepale. Fundi wa pili hakufungua hata boneti vizuri, akasema injini imekufa na kuna nyingine anajua inakouzwa. Kosa la tatu lilitaka kunimaliza: mtu mmoja kijiweni akaniambia, "Bosi, wewe weka oili nzito tu, itanyamaza." Nikaenda mpaka dukani. Nikiwa nimeshika lile galoni ndipo nilipokumbuka oili iliyotoka kama asali.

Kumbe mlio haukuanza wiki ile. Ulikuwepo tangu siku tunanunua, ila ulikuwa umefunikwa. Oili nzito inajaza nafasi iliyolika kati ya vyuma, na kelele inapungua. Ugonjwa unabaki. Na gari tulilikuta limeshapashwa moto, kwa hiyo hata mlio wa asubuhi hatukuusikia.

Nikarudisha galoni, nikakaa chini nikajiuliza: hivi mimi si ndiye ninayewaambia wakulima kila siku wasinyunyize dawa kabla hawajajua ugonjwa? Mgomba ukinyauka huwezi kuanza kumwaga mbolea. Unauliza umeanza lini, unakata shina unaangalia ndani, unalinganisha na mgomba wa jirani. Basi injini nayo ni hivyohivyo. Hatua nilizofuata ndizo nitakazowafundisha leo.

HATUA YA KWANZA: ZIMA, KISHA PIMA OILI

Ukisikia mlio mpya, usiendelee na safari "nifike tu hapo mbele." Paki sehemu tambarare, zima, subiri kama dakika tano mpaka kumi oili ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome.

Injini ndogo kama za kirikuu zinabeba oili kidogo, lita chache tu. Kwa hiyo ikipungua lita moja hapo umepoteza sehemu kubwa. Kama oili iko chini ya alama ya mwisho, ongeza ya daraja lilelile, washa, sikiliza. Kuna milio ya juu ya injini ambayo itaondoka hapohapo.

Kama taa nyekundu ya oili inawaka huku injini inanguruma, hapo hakuna mjadala. Zima na uvute gari kwa kamba. Taa ile haikuambii oili imeanza kupungua. Inakuambia presha ya oili imeshuka, maana yake vyuma vinasuguana vikavu. Dakika chache zinatosha kugeuza matengenezo madogo kuwa injini nzima.

HATUA YA PILI: CHUKUA HISTORIA

Mfugaji akiniita ng'ombe anaumwa, swali langu la kwanza ni ameanza lini na amekula nini. Kwa gari uliza hivi, na andika majibu kwenye daftari:

1. Mlio umeanza lini, na kabla ya hapo nini kilifanyika? Oili ilibadilishwa? Gari lilichemsha? Mafuta yalijazwa wapi?
2. Unatokea injini ikiwa ya baridi, ya moto, au muda wote?
3. Unaongezeka ukipiga resi gari likiwa limesimama?
4. Unazidi ukipandisha mlima na mzigo?
5. Unatoka juu ya injini, chini, mbele kwenye mikanda, au nyuma kwenye gia boksi?

Majibu ya mpwa wangu nilipomuuliza kwa utulivu yalikuwa: umeanza baada ya kubadilisha oili, asubuhi ni mdogo, injini ikipata moto unakuwa mkubwa, unaongezeka na resi hata gari likiwa limesimama, unatoka chini. Majibu hayo manne peke yake yalikuwa yameshatosha kukataa habari ya tapeti. Elfu arobaini yangu ilikwenda kwa sababu sikuuliza.

HATUA YA TATU: HAKIKISHA NI INJINI KWELI

Watu wengi wanalaumu injini kwa kosa la kitu kingine. Fanya majaribio haya.

Gari likiwa limesimama, weka gia huru, vuta hendibreki, piga resi taratibu. Mlio ukifuata resi, tatizo liko kwenye injini au vitu vilivyofungwa kwenye injini. Usiposikika kabisa mpaka gari litembee, angalia beringi za tairi, kros za propela shafti, au difu.

Kisha kanyaga klachi. Mlio ukija pale tu unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Mlio ukipotea unapokanyaga na kurudi unapoachia, shuku beringi ya gia boksi.

Kisha nenda kwenye fenibelti. Zima injini, legeza na kutoa mkanda, washa injini kwa muda usiozidi dakika moja, sikiliza, zima. Kwa nini dakika moja? Kwa sababu kwenye injini nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, na ukizidisha utachemsha. Mlio ukiwa umepotea, mchawi wako ni alteneta, pampu ya maji, tensheni au mkanda wenyewe. Hiyo ni habari njema, kwa sababu vyote hivyo vinabadilishwa bila kufungua injini.

Tahadhari: ukiwa unafanya haya vua koti la mvua, funga kitenge vizuri, toa skafu. Feni na mkanda havina huruma na nguo.

HATUA YA NNE: TAFUTA MLIO UNATOKA WAPI

Daktari ana kipimo cha kusikilizia, wewe una kipande cha mpira wa maji. Chukua mpira wa kama mita moja, upande mmoja weka sikioni, upande wa pili usogeze polepole karibu na injini: juu kwenye mfuniko wa vali, mbele kwenye cheni, kwenye eksozi, kisha chini usawa wa sampo. Mafundi wengine wanatumia bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Inafanya kazi vizuri, lakini kwa asiyezoea mpira ni salama zaidi.

Hii hapa milio ya kawaida na maana zake:

a) Tik-tik-tik nyepesi, ya haraka, kutoka juu. Mara nyingi ni tapeti zilizolegea au oili ndogo. Kumbuka pia nozeli za petroli za kisasa zina kamlio kake kadogo ka kawaida. Hii haikulazi njaa. Pima oili, seti tapeti.

b) Chwa-chwa-chwa kama mtu anapumua kwa meno, kubwa asubuhi, inapungua injini ikipata moto. Angalia gasketi ya manifodi ya eksozi. Ukiona masizi meusi pembeni ya maungio, umempata. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa, ndiyo maana mlio unapungua. Watu wengi wanaudhania huu ni tapeti.

c) Kra-kra-kra kutoka mbele, sekunde chache baada ya kuwasha asubuhi. Hiyo ni cheni ya taimingi au tensheni yake. Ikiwa ni sekunde mbili tatu, weka kwenye orodha yako ya kufuatilia. Ikiwa inaendelea, usisubiri cheni iruke. Kwa injini yenye taimingi belti huwezi kutegemea mlio kama huu. Belti inaweza kukatika kimya kimya. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe.

d) Kokoto ndani ya kopo, inasikika tu ukipandisha mlima na mzigo. Hapo mafuta yanalipuka ndani ya silinda bila mpangilio. Sababu zinaweza kuwa petroli mbovu, taimingi iliyosogezwa, masizi ndani ya silinda au injini kuchemka. Kwa watu wa huku sikilizeni vizuri: Kyela iko chini, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Tukuyu tuko juu ya mita 1,500. Kule chini hewa ni nzito zaidi na kuna joto, kwa hiyo silinda inabanwa zaidi. Ndiyo maana gari lililo kimya hapa Tukuyu linaweza kuanza kulia kokoto likiwa linatoka Kyela na magunia ya mpunga. Punguza gia, punguza kukanyaga, na ukifika tafuta sababu.

e) Dab-dab-dab butu, inasikika injini ikiwa ya baridi na kupotea kabisa ikipata moto. Mara nyingi pistoni imekuwa na nafasi ndani ya silinda. Gari linaweza kuendelea kwa muda mrefu likiwa hivyo, ila fuatilia kama linakula oili na kutoa moshi wa bluu.

f) Go-go-go nzito kutoka chini, inakuwa kubwa injini ikipata moto, na inasikika zaidi unapopiga resi ya wastani au unapoachia ghafla. Hizi ni metali za konrodi, yaani zile beringi bapa zinazoshika mkono wa pistoni kwenye krenki. Huu ndio mlio ambao mafundi wanaita injini inanoki. Hapa unazima gari na haliendi popote.

g) Gudu! moja ukiwasha, ukizima au ukiingiza gia. Angalia mauntingi za injini. Ni mpira umechoka.

Kwa wenye magari ya dizeli: injini ya dizeli ina mgongano wake wa kawaida, usitishike. Linganisha na gari lingine la aina hiyohiyo kabla hujasema ni bovu.

HATUA YA TANO: PIMA SILINDA MOJA MOJA

Ninyi wafugaji wa maziwa mnakijua kipimo cha CMT. Ng'ombe akishukiwa ana ugonjwa wa kiwele, hatuchanganyi maziwa yote kwenye ndoo moja. Tunakamua kila chuchu kwenye kikombe chake, tunaweka dawa, tunazungusha, na kikombe kinachoganda kama uji ndicho kinachotuonyesha robo yenye ugonjwa. Silinda za injini nazo zinapimwa hivyohivyo.

Fundi anaacha injini inanguruma kwenye silensa, halafu anakata moto wa silinda moja kwa kuchomoa soketi ya koili yake au ya nozeli yake. Injini itatetemeka kidogo, ni kawaida. Sikiliza sekunde chache, rudisha, nenda silinda inayofuata. Ukikata silinda fulani na ule mlio mzito ukapungua sana au ukapotea, umempata mgonjwa. Sababu ni kwamba moto ukikatika, hakuna mlipuko unaosukuma pistoni chini, na ile metali iliyolika haigongwi tena kwa nguvu. Ukikata zote moja moja na hakuna kinachobadilika, tatizo linaweza kuwa metali kubwa za krenki, au kitu nje ya silinda kabisa.

Tahadhari tatu. Moja, usichomoe waya wa plagi kwa mkono mtupu injini ikiwa inanguruma, umeme wake una nguvu. Mbili, usiache silinda imekatwa muda mrefu, petroli isiyoungua inaharibu eksozi. Tatu, kwenye dizeli za kisasa za presha kubwa usikubali mtu alegeze mabomba ya nozeli injini ikiwa inanguruma. Dizeli ile inatoka kwa presha ya kupenya ngozi ya mkono.

Kwetu tulikata silinda ya kwanza, mlio ukabaki. Tukakata ya pili, kimya. Tukarudisha, go-go-go. Tukarudia mara tatu ili tusijidanganye. Ya tatu tukakata, mlio ukabaki. Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni, akaangalia chini tu.

HATUA YA SITA: SOMA OILI NA FILTA

Kabla ya kukubali kufungua injini, mwaga oili kwenye beseni safi, jua likiwa kali. Oili ya kuzeeka ni nyeusi, hiyo si kesi. Tafuta vitu vinavyometameta kama unga wa rangi ya fedha au shaba. Pasua filta kwa msumeno, kunjua ile karatasi yake na uikague. Pitisha sumaku: chembe zinazonasa ni chuma, zisizonasa mara nyingi zinatoka kwenye metali za krenki na konrodi. Ukiona oili ya rangi ya chai ya maziwa, hapo kuna maji, shughulikia gasketi ya silinda hedi kwanza.

Ya kwetu ilikuwa na vumbi la kumetameta, na sumaku haikulinasa. Ushahidi wa tatu huo, na wote ulielekea sehemu moja.

Kama kuna fundi mwenye geji ya presha ya oili, mpe hela yake apime injini ikiwa ya moto. Kipimo hicho kinakupa namba, na namba haibishani.

TULIVYOMALIZA

Usiku ule kabla ya kufungua injini nilimpigia mpwa. Kesho yake alikuwa amepanga kuchuma parachichi, wachumaji alishawaita. Nikamwambia asichume. Parachichi likiwa juu ya mti halilainiki. Linaanza kuiva baada ya kuchumwa. Kwa hiyo mtini lilikuwa na muda wa kutusubiri, kwenye kreti lisingekuwa nao. Ndizi zilizokuwa tayari akazipeleka kwa gari la kukodi. Ilimuuma, lakini alipoteza nauli tu, mzigo haukumharibikia. Hilo nalo ni somo: gari likiugua, panga upya mavuno siku hiyohiyo.

Fundi niliyempata mara hii, mzee mmoja mtulivu, nilimpelekea daftari langu. Akasoma, akacheka, akasema, "Kumbe kazi umeshaimaliza, mimi nafungua tu." Aliposhusha sampo tukaikuta metali ya konrodi namba mbili imelika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Krenki ilikuwa na mikwaruzo midogo. Ilipelekwa Mbeya ikasagwa, tukafunga metali mpya za saizi inayoendana, pampu ya oili ikakaguliwa, gasketi na filta mpya. Jumla tulitumia laki sita na arobaini. Fundi wa pili alikuwa anataka ninunue injini nzima. Na kama ningeweka lile galoni la oili nzito, konrodi ingekuja kukatika kwenye mlima wowote huku, pengine mpwa akiwa peke yake na mzigo, usiku, kwenye ukungu.

Nilipomrudishia gari nilimwambia mbele ya fundi kwamba gari hakuliua yeye. Nilimgombeza bure, na aliyenunua bila kusikiliza injini ya baridi ni mimi. Akasema, "Yameisha mjomba." Lakini niliona amefurahi. Vijana, mkishirikiana gari au shamba na ndugu, pimeni kwanza ndipo mlaumu. Injini inatengenezwa kwa laki sita. Undugu ukishavunjika sijui gereji yake iko wapi.

JAMBO LA KUPAKIA

Pamoja na hayo, mpwa naye hakuwa msafi kabisa, na mwenyewe anakubali. Magari haya madogo yalitengenezwa kwa sheria za Japani, injini isiyozidi cc 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Hesabu mwenyewe. Kreti ya parachichi ya kilo 20, kreti 17 umeshafika kilo 340. Maziwa, lita moja ina uzito wa kilo moja na kidogo, kwa hiyo lita 300 pamoja na madumu yake umeshajaa. Sasa tunapakia mikungu mpaka gari linatazama juu, halafu tunapanda nalo kutoka bondeni kwa gia ya pili, kwenye matope. Injini iliyolika haivumilii hilo. Afadhali safari mbili.

UKIENDA KUNUNUA, FANYA HIVI

1. Mwambie muuzaji kabla: nataka kulikuta gari limelala, halijawashwa. Ukifika weka mkono kwenye boneti na kwenye rejeta. Kama pana moto, rudi kesho asubuhi.
2. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Oili ikiwa nzito kupita kawaida, au mpya kabisa inang'aa, uliza ni ya daraja gani na kwa nini. Oili nzito pia inachelewa kufika juu ya injini kwenye baridi yetu ya Juni na Julai.
3. Washa wewe mwenyewe, boneti ikiwa wazi, mwenzako akisikiliza. Zima redio.
4. Liache lipate moto kabisa, kisha sikiliza tena kwenye silensa na kwa resi ya wastani.
5. Lipandishe mlima likiwa na watu au mzigo kidogo. Kama unanunua Mbeya au hapa kwetu milima ipo, ule wa kutoka Kiwira kupanda Isongole unatosha kukupa majibu. Dakika kumi za lami tambarare hazikuambii kitu.
6. Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, na umlipe hata kama hutanunua. Hela hiyo ni kama ya kupima udongo.
7. Tenga akiba ya matengenezo kwenye bei. Kama una milioni nane, usinunue gari la milioni nane.

MWISHO

Huhitaji kuwa fundi ili umiliki gari. Lakini ukienda gereji unasema "inagonga chini, ikiwa ya moto, inafuata resi, silinda ya pili ikikatwa inanyamaza," utahudumiwa tofauti na anayesema "fundi, gari inalia." Ni kama mkulima anayeniletea jani lenye ugonjwa mkononi na yule anayeniambia tu shamba linaumwa.

Kazi ya wiki hii: kesho asubuhi kabla hujawasha gari au hata pikipiki yako, pima oili, kisha washa na usikilize kwa dakika mbili bila simu mkononi. Izoee sauti yake ikiwa nzima. Siku ikibadilika utajua mapema, na mapema ndiyo bei rahisi.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi shambani, tutaangalia kupogoa parachichi.